Mwanangu huandamana, mimi hufunga duka: nani kati yetu amekosea hesabu?

"Nina duka dogo la vifaa vya simu karibu na barabara ya Luthuli hapa Nairobi, na nyumbani ni mtaa wa Umoja. Kifungua mimba wangu alimaliza digrii ya takwimu mwaka 2022 na mpaka leo hajapata kazi ya kuandikwa. Mchana hunisaidia dukani, usiku huandika kazi za mtandaoni. Mwaka 2024 na tena 2025 alienda maandamano ya vijana dhidi ya serikali bila kuniambia. Siku hizo mimi huteremsha mlango saa nne asubuhi, na kodi ya duka hainisubiri. Nikimuuliza ananijibu, 'Baba, sina cha kupoteza.' Wenzangu wa biashara wanasema vijana hawa wanalipwa, na kwamba mtu asiye na mshahara hana ushuru wa kulalamikia. Tena tunaambiwa bei zimeshuka, mke wangu anaapa hazijashuka. Nieleze kama mtu wa uchumi: maandamano haya yanausaidia mfuko wetu au yanatuzidishia umaskini? Na Juni ikifika, maandamano yakirudi, nimzuie?"

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Wengi wanaoniandikia kuhusu jambo hili huwa wamesimama upande mmoja wa barabara, wenye bango au wenye duka. Wewe una mtoto huku na mlango wa chuma kule, na sidhani kuna jibu litakalokuondolea kero zote mbili. Ila kuna mambo kadhaa unayoambiwa huko sokoni ambayo si kweli, na tukiyaondoa hayo kwanza, mazungumzo yako na huyo kijana yatakuwa rahisi kidogo.

Nianze na hilo la asiye na mshahara, kwa sababu naamini ndilo linalowaudhi vijana kuliko hata matusi. Mwanao akinunua bando la shilingi 20 ili atume kazi yake usiku, ndani ya hizo 20 mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, halafu VAT ya asilimia 16 imepandishwa juu yake. Piga hesabu: intaneti yenyewe ni kama shilingi 15, na shilingi tano zinakwenda serikalini. Robo nzima ya bando. Akitumiwa malipo kwa M-Pesa, ada ya kutuma nayo ina ushuru wake, uliopanda kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Akipanda matatu kuja mjini, nauli imebeba mafuta, na VAT ya mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Oktoba ya mwaka huo petroli ilifika shilingi 217 kwa lita hapa Nairobi, nadhani hujasahau. Mtu wa mshahara mnono naye hulipa hizo tano kwenye bando lake la 20, ila yeye hazisikii. Kwa hivyo kijana wako ni mlipa ushuru kama mimi na wewe. Kinachomkosa ni karatasi ya mwisho wa mwezi ya kuonyesha alikatwa ngapi.

Sasa hiyo kesi ya mke wako na serikali. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja. Mfumuko wa bei ni kasi, bei ni umbali. Matatu ya Thika ikipunguza mwendo pale Roysambu haijageuza kurudi mjini. Bado inakwenda Thika, polepole tu. Kwa takwimu za KNBS, shirika la takwimu la serikali, mfumuko ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, ukawa 6.9 Oktoba 2023, kisha 2.7 Oktoba 2024. Ukizipandisha hizo moja juu ya nyingine, kikapu kilichogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021 kilihitaji kama 1,200 miaka mitatu baadaye. Mke wako hununua kikapu, hanunui asilimia. Unga ulishuka kweli mvua ziliporudi baada ya ule ukame mrefu, hilo tusilikatae. Lakini anayesema "mfumuko umeshuka" na anayesema "bei zimeshuka" hawajasema neno moja, na wanasiasa wetu hupenda sana kuyachanganya maneno hayo mawili.

Mbona basi serikali inasaka ushuru kila kona? Hapa utanielewa haraka kwa sababu wewe ni mfanyabiashara. Mwaka 2014 Kenya iliuza hati za Eurobond, yaani ilikopa dola kwa wawekezaji wa nje, na mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa humo ukawa wa kulipwa Juni 2024. Ilipofika Februari 2024 ikabidi ikope dola bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili ilipe sehemu kubwa ya ule wa kwanza. Kukopa kwa Juma umlipe Hamisi: kila mtu wa Luthuli anajua mchezo huo huishia wapi. Mwezi mmoja kabla, dola ilikuwa imegusa shilingi 160, na wewe unayeuza chaja na kava kutoka China ulikiona cha moto kwenye bei ya jumla. Mwishoni mwa Juni 2024 Rais Ruto mwenyewe alisema kwamba katika kila shilingi 100 za ushuru, 61 zinalipa madeni. Zinazobaki ndizo za walimu, hospitali, polisi, kaunti na magari ya wakubwa. Ndiyo maana Mswada wa Fedha wa 2024 ulitafuta kama shilingi bilioni 346 za ziada, kwenye mkate, mafuta ya kupikia, magari, hata nepi za watoto. Mkate waliuondoa wiki moja kabla ya kura, lakini wakati huo vijana walikuwa wamekwishausoma mswada wote, na wengine wameutafsiri kwa lugha za nyumbani.

Kuna upande mwingine wa deni hili ambao hauimbwi barabarani, na kwa maoni yangu ndio unaomhusu mwanao zaidi. Serikali hukopa pia humu ndani. Katikati ya 2024 ilikuwa ikilipa karibu asilimia 16 kwa hati zake za siku 91. Jiweke mahali pa meneja wa benki. Utamkopesha nani, serikali inayokupa asilimia 16 ukiwa umekaa kitini, au mwenye duka dogo anayefunga saa nne asubuhi siku ya Jumanne? Benki nyingi zilichagua kiti. Mwenye duka akaenda kwenye mikopo ya simu, ile inayokata kabla hujaishika. Duka lisilopata mkopo wa bei nafuu halifungui tawi, na lisilofungua tawi halimwandiki mtu. Nafasi ya kazi ya mwanao inaweza kuwa ilipotelea hapo kabla hata hajamaliza chuo.

Na nafasi zenyewe ni chache kuliko tunavyojidanganya. KNBS ilihesabu kazi mpya kama 782,000 mwaka 2024. Ukisikia hivyo unaweza kushangilia. Lakini tisa kati ya kila kumi zilikuwa za sekta isiyo rasmi: boda, mjengo, jua kali, mama mboga, na vijana wanaosaidia dukani kwa baba. Zile rasmi, zenye barua na likizo, hazikufika 80,000. Mwaka huo huo watahiniwa zaidi ya 960,000 walifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Weka hizo namba mbili pamoja, halafu usikilize tena anaposema "sina cha kupoteza." Wewe unasikia utovu wa adabu, au kukata tamaa. Mimi nasikia hesabu, na si ajabu, mtu wa takwimu huyo. Siku moja ya maandamano inakugharimu wewe mauzo ya siku nzima. Yeye anakwambia kwamba siku yake haina bei sokoni. Aliambiwa asome, akasoma. Aliambiwa ajiajiri, akaingia mtandaoni. Tangu 2022 anaamka kila asubuhi na siku isiyo na mnunuzi, na barabarani ndipo mahali pa kwanza ambapo siku hiyo ilionekana kuwa na thamani. Simwambii mtu kwamba hesabu hiyo ni sahihi. Ina kosa moja kubwa, nitalifikia. Ila ujue unabishana na hesabu, si na ukaidi.

Je, wanalipwa? Julai 2024 Rais aliitaja Ford Foundation kuwa inafadhili fujo, nayo ikakanusha. Tulichokiona wengi wetu ni kitu cha kawaida kabisa kwa Wakenya: mchango. Shilingi 50, shilingi 100, kwa M-Pesa, mpaka zikafika mamilioni ya kulipia majeruhi na mazishi, na hesabu zikawekwa hadharani. Mawakili na madaktari walijitolea bure. Wenyewe walisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama, jambo lililowachanganya wanasiasa waliozoea kuita mtu mmoja chumbani na kumaliza mambo.

Lakini wenzako hawajaota tu. Wapo wanaolipwa, na huenda umewaona kwa macho yako. Juni 17, 2025 wanaume wenye rungu na mijeledi, wengine juu ya pikipiki, waliwacharaza waandamanaji katikati ya jiji mchana kweupe. Siku hiyo hiyo mchuuzi wa barakoa, mtu wa biashara kama wewe, alipigwa risasi kichwani na polisi kwa karibu, na baadaye akafariki. Wiki moja baadaye, Juni 25, maduka ya mjini yalivunjwa na kuporwa. Mwenye bango, mwenye rungu na mwenye kubeba televisheni ya watu begani ni watu watatu tofauti, hata kama wote wana umri wa mwanao. Ukimweka mwanao kwenye kapu moja na hao wawili, ameacha kukusikiliza papo hapo.

Faida kwa mfuko wako? Nitakujibu bila kupamba. Maandamano ya 2024 yaliuzuia mswada: Juni 25 wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia bungeni, na kesho yake Rais akatangaza hatautia saini. Julai karibu baraza lote la mawaziri likavunjwa. Mswada wa 2025 ulikuja mpole zaidi, ukaacha kupandisha ushuru mzito na kujikita katika kuziba mianya. Kwa hivyo kuna pesa ambazo hukukatwa kwa sababu ya watoto hawa, na ni haki kuwapa hilo. Upande wa pili, deni halikusoma mabango. Ushuru ukikataliwa na matumizi yasipopunguzwa, serikali hukopa zaidi au huchelewesha kulipa wakandarasi, na mkandarasi asiyelipwa hanunui simu kwako. Baadhi ya mapendekezo yale yale yalirudi Desemba 2024 kupitia Sheria ya Marekebisho ya Ushuru, wakati watu wanatafuta magari ya kwenda ushago. Maandamano yanaweza kufunga mlango usiku mmoja. Kushusha bei ya vitu au kuandika mtu kazi hayawezi, na sijakutana na kijana hata mmoja anayeamini yanaweza. Wanachodai wengi wao ni kitu kingine: kama nyama imekatwa kwetu sote, mbona sahani ya mheshimiwa haijapungua? Swali hilo mimi mwanauchumi sina jibu lake la kupunguza hasira.

Gharama nayo tuitaje. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 50 Juni na Julai 2024, na Saba Saba (Julai 7) ya 2025 zaidi ya 30 kwa siku moja. Hapa ndipo penye lile kosa la hesabu ya mwanao. Siku yake inaweza kukosa bei, yeye hakosi. Mwambie hivyo, kwa maneno yako, bila kumtajia mauzo ya duka katika sentensi hiyo hiyo. Ukiyataja pamoja atasikia mauzo tu.

Usidhani pia vijana wote wana kauli moja. Kuna wa boda na wa vibanda wanaohesabu hasara kama wewe na kununa. Kuna waliochoka baada ya kuzika rafiki. Kuna wanaosema "wantam", yaani muhula mmoja tu kwa Rais, na wanausubiri uchaguzi wa Agosti 2027, na hao nawauliza mara moja: umejiandikisha? Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa karibu asilimia 40 tu ya waliojiandikisha, wamepungua kutoka 2017. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilirudisha uandikishaji Septemba 2025, kwenye ofisi za maeneo bunge. Mwulize mwanao, na umwambie mtaenda naye pamoja kama na wewe ulihama kituo.

Nimzuie? Julai 7, 1990 nilikuwa na miaka 18. Tulikaa Shauri Moyo, mwendo wa dakika chache kutoka uwanja wa Kamukunji. Matiba na Rubia, wanasiasa waliodai vyama vingi, walikuwa wamekamatwa siku tatu kabla, na kila mtu mtaani alijua Jumamosi kungewaka. Baba alifunga mlango kwa kufuli, akaweka kiti mbele yake, akakaa na redio mapajani. Nikatokea dirisha la jikoni. Niliporudi jioni, macho yanawaka kwa moshi, hakunipiga, alinipa maji. Lakini tangu siku hiyo sikuwahi kumwambia tena ninakwenda wapi, kwa miaka, hata nilipokuwa naenda mahali pazuri. Kufuli lilimnyima habari zangu, basi.

Mwanao ni mtu mzima na Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka waandaaji wamwarifu mkuu wa kituo cha polisi siku tatu hadi 14 kabla. Kuarifu si kuomba ruhusa. Kwa hivyo badala ya kufuli, dai habari: anakwenda na nani, atapita wapi, atarudi saa ngapi. Kitambulisho mfukoni, simu imejaa chaji, nambari yako na ya wakili zimeandikwa kwa kalamu mkononi, kwa sababu simu ndiyo hupotea kwanza. Mawe yakianza kurushwa au mlango wa duka la mtu ukivunjwa, hapo maandamano yake yameisha, anaondoka. Na kabla ya giza awe ameshafika Umoja.

Kuna nyakati ambazo makala ya mtu wa uchumi hayatoshi. Akikamatwa, nenda kituoni wewe mwenyewe, uulize ameandikwa wapi kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, na utafute wakili kupitia Chama cha Mawakili au tume ya haki za binadamu. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na halazimishwi kukiri kitu. Akiumizwa, hospitali kwanza, halafu fomu ya P3 ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha, na malalamiko kwa IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, na kila karatasi utunze. Asipoonekana na simu imezimwa, usingoje kesho, hata kama jirani anakwambia "vijana hulala kwa marafiki." Na kama tangu 2025 halali vizuri, anashtuka mlango ukigongwa, au ile "sina cha kupoteza" imeanza kusikika kama mtu anayezungumzia maisha yake yenyewe, mpeleke amwone mshauri nasaha au daktari wa akili wiki hii. Hilo halingojei Juni.

Kwa upande wa duka, kaa na wakala wako wa bima uulize swali moja: je, bima yangu inagharamia ghasia za kisiasa? Bima nyingi za moto na wizi huziacha nje mpaka uongeze malipo, na watu wengi waligundua hilo baada ya mlango kuvunjwa. Piga picha za mali yako kila mwisho wa mwezi, na stakabadhi za bei ya jumla zikae nyumbani. Zungumza na mwenye jengo mapema pia. Wapo wanaokubali kodi kwa awamu mbili mwezi wa Juni ukiwaendea Mei. Ukiwaendea Julai na visingizio, hawasikii.

Jambo la mwisho ni ombi. Umeniuliza kama maandamano yanakuzidishia umaskini, na mwenye jibu la duka lako si mimi. Mpe mwanao daftari lako la mauzo tangu 2022. Aweke siku ulizofunga upande mmoja, miezi ambayo dola ilipanda upande wa pili, na riba ya mikopo yako ya simu upande wa tatu, aone ni ipi iliyokula duka zaidi. Ana digrii ya kazi hiyo. Mlipe kidogo, hata kama ni nauli, kisha mniandikie wote wawili. Nina dhana yangu kuhusu safu itakayoshinda, ila ningependa kuiona kwa namba zenu.